Nyota Nilizofungia Chumvi

Paluku wangu,

Usifungue karatasi hii bandarini. Ngoja moteri iwake, mto ukunje, kanisa kubwa lisionekane tena nyuma yenu, ndipo ufungue. Lakini usichelewe sana, juu nataka uwe umesoma yote kabla ya Yanonge. Pale pirogi, mtumbwi wenu wa moteri, inasimama kuteremsha mizigo kabla ya kuendelea Yangambi. Na unajua nani anakaa Yanonge.

Sitaandika mambo ya sabuni, chandarua na kumheshimu tonton wako utakayekaa kwake Yangambi. Hayo nimekuambia tangu juzi mpaka umeanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Naandika lile ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Mara tatu nilianza. Mara ya kwanza ulikuwa unakula, nikasema acha ashibe. Mara ya pili Kavira mdogo wako alikuwa amesimama pale na masikio yake yale. Mara ya tatu ni leo asubuhi, ukaniangalia ukasema, "Mama, kuna nini?" nami nikakuambia, "Vaa viatu." Basi niko sokoni, kwenye meza yangu, saa tisa ya mchana, naandika huku nauza. Petroli ya taa imebaki kidogo, na usiku wa mwisho nataka kukuangalia, si kuandika.

Mama Charlotte wa hapa jirani, yule anayeuza majani ya pondu, ameniona na kalamu ya biki mkononi. "He, Mama Paluku! Unaandikia nani? Bwana yako iko Butembo, barabara ilifungwa nyuma yake, barua itapita wapi? Ao umepata mwingine?"

Nikamwambia, "Naandikia mwanaume wa miaka kumi na saba." Akapiga kelele, meza zote zikageuka.

Kumi na saba. Mimi nilikuwa na kumi na sita nilipokuzaa. Tumekua pamoja, wewe na mimi, na siku zingine naona kama wewe ndiye ulitangulia.

Bon. Neno lenyewe ni hili. Kaye ya nyota, lile daftari lenu, rafiki yako Bolamba hakuibeba. Mimi ndiye niliichukua.

Sasa umejua. Kasirika, una haki, lakini usisimame, pirogi itapinduka na watu wa bure watakufa. Kaa, usome namna ilivyokuwa.

Kabla ya vita sikujua kama Tshopo, mtaa wetu huu wa Kisangani, ina nyota. Nimeishi hapa tangu papa yangu alipotuleta kutoka Lubero na mizigo yake ya maharage, na kila jioni nilikuwa naangalia chini: makaa, sufuria, miguu yako. Kisha mashini za umeme za barrage, kule kwenye bwawa, zikanyamaza, taa zikazima mtaa mzima, na siku ya tatu ya giza nikawasikia wewe na Bolamba juu ya ile sakafu ya simenti ya nyumba ambayo papa yako hakumaliza. Ilikuwa saa moja tu ya jioni, wakati ambao mtu bado anaweza kukaa nje.

Bolamba alikuwa anasema, "Ndeko, ile nyota tatu si bafalme. Ile ni pirogi. Batu batatu banapiga kasia. Nkoko, babu yangu mwenye kuvua, alinionyesha."

"Pirogi inapita juu ya paa yetu? Ni bafalme batatu ba Noeli, bwana. Angalia vile banafuatana."

"Bafalme bako na ngamia. Ngamia iko wapi?"

"Na maji ya pirogi yako iko wapi?"

Mkaangalia juu wote wawili, mmoja anatafuta ngamia, mwingine maji. Nilicheka mpaka moshi ukaniingia puani.

Ndipo mkanunua kaye moja. Wewe uliandika, juu herufi zako ni nzuri. Yeye alichora, juu mkono wake hautetemeki. Juma moja ililala kwetu, juma moja ililala kwao. Sikuuliza ni ya nini. Mtoto wa watu wa mto na mtoto wa watu wa maharage, huyu wa misa, yule wa protestanti. Nilisema watachokana wenyewe.

Hamkuchokana. Likaja lile juma ambalo majeshi mawili ya wageni yalipigana juu ya vichwa vyetu. Bolamba alikuwa amekuja kurudisha kaye asubuhi ile, milango ikafungwa naye ndani. Siku zote zile alilala chini ya meza yetu, miguu yake kichwani pako. Mimi nilishika rozari. Siku ya pili akaniambia kwa adabu yote, "Mama, munisamehe. Munamuambia Mungu kitu moja mara makumi tano. Hachoke?"

Na hofu yangu ile yote nikamjibu, "Na ninyi munamupigia kelele kama mutu kiziwi. Yeye haumwe na masikio?"

Tulicheka chini ya mabomu, Paluku. Kavira akauliza tunacheka nini.

Maji yalipokwisha, nani alitoka na bido, lile dumu letu? Wewe ulisimama, nami nikakushika shati. Yeye alisimama pia, na shati lake sikulishika. Nilimkamata wangu, wa mwenzangu nikamwacha atoke. Alirudi, bido imejaa, anapumua kama mbwa, akasema, "Mama, anza na Kavira." Hilo sijawahi kumwambia mtu. Ungedhani baada ya siku kama ile nisingeweza kumfanyia yule mtoto kitu kibaya tena. Moyo wa mtu haufanyi hesabu hivyo. Wakati mwingine yule unayemwonea aibu ndiye unataka aende mbali.

Baada ya hapo barieri za askari barabarani zikaongezeka. Mtoto wa fundi wa baiskeli wa barabara yetu walimkuta na karatasi mfukoni, mchoro wa nyumba ya kuku. Wakasema ni ramani. Alirudi siku ya nne, mkono mmoja hauinuki. Mama Charlotte aliniletea habari hiyo hapa hapa mezani, nami nikaifikiria kaye yenu: vitone, mistari kutoka kitone mpaka kitone, na maneno yako chini, "Saa moja na robo, upande wa mto, tatu zinafuatana, moja nyekundu inakuja pembeni." Nani kwenye barieri angeamini kama hizo ni nyota? Hata mimi nilisikia kama ni askari wanatembea.

Ulikuwa kwenye katekesi. Nikaitoa chini ya godoro. Hofu hiyo siitubu. Mama yeyote wa Tshopo angefanya vile. Kosa liko mbele kidogo.

Nilitaka kuichoma. Makaa yalikuwa tayari mekundu. Lakini unatujua sisi watu wa biashara. Karatasi nzuri, kaye nene, na wakati ule soko zima halikuwa na hata gazeti kuukuu la kufungia; wateja walikuwa wanapokea chumvi katika majani, inalowana kabla hawajafika nyumbani. Nikasema: moto utakula bure. Nikatoa waya, nikaweka kurasa ndani ya kikapu, na tangu kesho yake nilikuwa nakunja nyota zenu kama pembe, natia glasi moja ya chumvi, nafunga juu, nauza.

Jioni ile ile, kabla hujarudi, Bolamba alikuja mbio. Papa yake alikuwa amepata nafasi katika pirogi ya alfajiri, nyumba yote inarudi Yanonge.

"Mama, Paluku iko wapi?"

"Bado kwa katekesi."

"Alors mumuambie achunge kaye. Na aache nafasi ya juma yangu, asiandike mule. Nitakuja kujaza."

Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu." Kikapu kilikuwa karibu na mguu wake, kitambaa juu.

Ukarudi, ukaingia chumbani, ukatoka. "Mama, kaye iko wapi?"

"Bolamba alipita, akabeba."

Nimejiuliza mwaka mzima kwa nini mdomo ulichagua lile. Jibu la kweli lilikuwepo, rahisi: nimeitoa juu ya hofu ya barieri. Ungenuna siku mbili, yangekwisha. Nafikiri ni hivi: yeye alikuwa anaondoka, sisi tunabaki na vita, na nilichoka sana. Nilitaka umkasirikie aliye mbali, usinikasirikie mimi. Wewe unayeuliza maswali ya kila kitu, niambie siku moja: uongo unakaa wapi kabla haujatoka? Mimi sikuupika. Niliusikia tu unatoka, na sauti ni yangu.

Kisha ukamwandikia. Uliniomba bahasha, nikakupa. Nilijua ndani kuna nini, juu ulikuwa unaandika na kusoma kwa sauti: "Wewe mwizi mwenye kusali sana." Niliipeleka mwenyewe bandarini, nikampa papa wa moteri mkononi. Kutoka nyumbani mpaka bandarini ni mbali, nilikuwa na njia yote ya kugeuka. Majibu yalikuja baada ya majuma matatu, mstari mmoja: "Mimi nilikuachia." Na samaki watatu wa kukausha.

Ukasema, "Mama unaona? Ananidanganya, na anaweka samaki juu yake." Nikawapika wale samaki. Nilikula nami.

Mteja amekuja. Ngoja.

Nimerudi. Sasa nikuambie jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Mwanzoni sikuwa nasoma nilichokunja. Siku moja mvua ilinifungia hapa bila wateja, nikaangalia ukurasa uliokuwa mkononi. Ulikuwa umeandika: "Kitabu cha skauti kinasema kuna nyota ya kaskazini, haitembei, inaonyesha wasafiri njia. Tumeitafuta majuma mawili. Haiko. B. anasema kwetu iko chini kabisa, nyuma ya miti ya ng'ambo ya mto Tshopo. Alors kuna watu wanaiona kila siku, na wengine watakufa bila kuiona. Mungu alipanga hivyo juu ya nini?" Na chini yako Bolamba, kwa zile herufi zake za kupigana: "Labda alituachia zile zingine zote."

Niliusoma mara tatu. Ule sikuufungia chumvi.

Tangu siku hiyo nikawa nasoma kwanza. Nyingi zilikuwa zimekwisha kwenda. Mama Charlotte alikuja asubuhi moja na pembe ya chumvi aliyoinunua jana yake. "Mama Paluku, chumvi yako siku hizi inahubiri. Sikiliza: 'Rafiki si yule anasema umeona vizuri. Ni yule anasema mimi sioni, nionyeshe tena.' Bwana yangu alisoma hii kwa meza, akaniuliza kama ni mimi nimemuandikia. Tangu jana ananiangalia na wasiwasi." Alicheka, nami nikacheka, nikamwomba anirudishie ile karatasi. Akakataa. Alisema bwana ameibandika ukutani.

Pengine uliandika kwamba zile tatu zinakuja mapema, kila juma karibu nusu saa. Nikasema, aa, watoto wanadanganyana. Jioni nikasimamisha ufagio wetu mrefu kwenye ukuta wa nyuma, nikakaa juu ya kinu. Redio ya jirani ilipoanza habari za saa moja, ya kwanza ilikuwa bado haijafika kwenye ncha ya ufagio. Juma lililofuata nikakaa pale pale, redio ikaanza, na nyota imekwisha kuupita ufagio, iko juu ya paa. Nikapiga kelele. Kavira akatoka mbio, "Mama, nani amekufa?" Nikamwambia hakuna, nyota zimewahi. Akaniangalia kama mama yake amepata homa.

Lakini kwa nini zinawahi? Zinakimbia wapi? Na zikiwahi kila juma, mwisho si zitatokea mchana? Labda sasa hivi ninapouza ziko hapa juu ya soko na hatuzioni. Nimemaliza la sita na miaka miwili juu yake, mwalimu hakutuambia. Tonton wako anapima mvua huko Yangambi kila asubuhi, hata sasa ambapo hakuna anayemlipa wala anayemuuliza. Muulize. Tena muulize kwa nini mtu anaendelea kuandika mvua wakati wa vita. Mimi nafikiri ninajua, lakini nataka kusikia yeye anasema nini.

Unaona namna gani? Nilichukua kaye ili mambo yenu yaishe, nikajikuta nimeanza mimi. Na wewe uliyeanza, ukaacha. Hukupanda tena juu ya ile sakafu. Nilikuita mara moja, jioni imetakata, nikasema, "Paluku, njoo uone ile nyekundu," ukajibu kutoka ndani, "Nimeshaiona, mama."

Hata hapo sikusema. Ndipo ukavua kanzu ya kutumikia misa. Ukawa unabaki kwenye benchi watu wote wakienda kukomunika, magoti yako yamebana ili wapite. Nilikuuliza. Ukasema, "Siwezi kula, mama. Niko na mutu ndani ya moyo, sijamusamehe." Ulisema polepole, bila kiburi, na ulikuwa huna kitu cha kumsamehe yule mtu. Mwaka mzima ulijinyima mkate wa Bwana kwa ajili ya kosa ambalo lilikuwa limekaa karibu nawe kwenye benchi, limevaa kitenge cha Jumapili.

Nilienda kuungama. Nikamweleza padri yote, na chumvi pia. Akauliza, "Na mtoto umemwambia?" Nikasema hapana. "Alors, mama, mimi unaniambia wa nini? Mimi si Paluku." Nilitoka pale na hasira naye. Hasira hiyo ilikaa miezi miwili, kisha ikageuka kuwa aibu, na aibu ndiyo inaandika sasa.

Siombi unisamehe kabla ya Yanonge. Njia ni fupi, na mtu asisamehe kwa haraka ya moteri. Kama itachukua miaka, mimi bado kijana, nitangoja. Lakini kuna jambo moja sikuombi, nakuambia kama mama: Yanonge utateremka.

Nimeongea na papa wa moteri. Mizigo yake itamkalisha pale saa mbili nzima. Nikamwomba asikuache. Akasema, "Nitamungojea, mama, lakini asioe kule." Mama Charlotte, ambaye ndugu zake wako upande ule, anasema nyumba ya Bolamba iko nyuma ya soko, karibu na mahali wanapokausha samaki, anasema pia kwamba siku hizi mtoto yule hataki kusikia habari za Kisangani. Ndani ya bahasha hii kuna kurasa kumi na moja. Ndizo nilizookoa, zingine ziliisha katika majiko ya watu. Sita ni michoro yake. Hizo si zako, mpe.

Sasa sikiliza vizuri. Nakujua. Utafika mbele yake na utataka kunifunika. Utasema kaye ilipotea juu ya vita, na yeye ataamini, juu kila kitu kilipotea juu ya vita, na mtacheka, na mimi nitabaki mama mzuri kwenye nyumba zote mbili. Nakukataza. Vita imebebeshwa mengi ambayo si yake, hili usiliongeze. Sema hivi, na mama yake akiwepo hapo, sema mbele yake: Mama yangu Masika ndiye aliichukua. Alisema ni wewe. Nilimwamini, nikakutukana. Basi. Usiongeze kwamba nilikuwa nimechoka, wala kwamba kulikuwa na barieri. Hayo nimekuandikia wewe, juu wewe ni mwanangu.

Ukimaliza, mwache aseme yake, hata kama ni mabaya, hata kama ni juu yangu. Usinitetee. Na kama atafunga mlango kabla hujamaliza, maliza ukisema kwa mlango, kwa sauti ya kutosha ili majirani wasikie, kwa maana yule mtoto hakuitwa mwizi kwa siri. Barua ile ilisomwa kwa sauti ndani ya moteri, watu wote waliisikia. Kisha rudi kwenye pirogi, uende Yangambi kwa amani. Utakuwa umemrudishia jina lake, na hilo halingoji afungue mlango.

Mama yako,
Masika